Arobaini ikiisha, mtoto wa askari anabaki na nani?

Ndugu Mhariri,

Askari wa JWTZ, jeshi la Tanzania, walipouawa wakilinda amani Semuliki, mashariki mwa Kongo, tarehe 7 Desemba 2017, misikiti na makanisa yaliwahi misibani. Ndivyo tulivyo. Lakini tanga likianuliwa na arobaini ikapita, kila mtu hurudi kwake, na hapo ndipo msiba wa mtoto huanza. Wa miaka 5 hucheza matangani, kisha miezi mingi baadaye anakojoa kitandani na kuuliza baba atarudi lini, maana umri wake haujampa kujua kwamba kifo hakina marejeo.

Sisi walimu wa madrasa na wa shule ya Jumapili huanza kuharibu kwa maneno. Ukimwambia "baba amelala", ataogopa kulala. "Amesafiri" ni baya zaidi kwa mtoto huyu: baba kweli aliaga akasafiri, na majeneza ya vitani mara nyingi hayafunguliwi. Aambiwe wazi: baba amekufa, mwili wake haufanyi kazi tena, hasikii maumivu, hatarudi, na si wewe uliyesababisha. Hilo la mwisho msiliache, kwani wapo wanaojilaumu kwa utundu wa siku ya kuagana. Akhera au ufufuo vifuate baada ya hapo.

Tena tuache kumwambia "usilie, baba yako shujaa". Yesu alilia katika msiba wa Lazaro. Mtume Muhammad (S.A.W.) alitokwa machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim, naye mwenyewe alizaliwa yatima. Na kama risasi za heshima zitapigwa makaburini, mtoto ajulishwe mapema, asimame mbali, ameshikwa mkono.

Kikundi cha kuwalea yatima hawa baada ya arobaini kiwe na watoto 6 hadi 8 wa rika moja na walezi wawili, asibaki mtu mzima mmoja na mtoto faraghani. Saa moja na nusu kila baada ya wiki 2, kwa mwaka mzima angalau. Fungueni kwa dua fupi ileile kila mnapokutana. Halafu kazi ya mikono: kuchora, au kisanduku cha kuwekea picha ya baba, beji yake na barua anayoandikiwa. Swali moja tu, na asiyetaka kulijibu arukwe bila kubembelezwa. Mwisho uji na mpira, asiondoke na machozi.

Vikundi hufa mlezi anapoanza kuhubiri, au sare na madaftari vinapogawiwa mbele ya kamera. Vitu hivyo apelekewe mama kimyakimya. Mama Mwislamu yumo edani, yaani anakaa ndani kwa kufiwa na mume, miezi 4 na siku 10, hivyo apangwe mtu wa kuwaleta watoto na kuwarudisha. Bila hilo hawaji.

Mtoto asiyekula wala kulala vizuri kwa wiki kadhaa apelekwe hospitali kwa wahudumu wa afya ya akili, na afisa ustawi wa jamii ajulishwe. Akisema anataka kumfuata baba, apelekwe siku hiyohiyo. Dua iendelee, ila isichukue nafasi ya daktari.

Kila msikiti na parokia iwe na daftari lenye tarehe ya kifo cha kila mzazi, pamoja na Idi, Krismasi na tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, redio zinapotaja vita kutwa nzima. Wiki moja kabla ya kila tarehe, mlezi abishe hodi nyumbani kwa mtoto.

Walimu wa madrasa na shule ya Jumapili,
Dar es Salaam