Fantasia ya Kiswahili tunayo toka zamani, shida ni tunavyoisoma

Mhariri,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama tuko sawa basi habari za kazi. Naandika kuhusu mjadala wa wasomaji mliouacha uendelee kwenye ukurasa huu wa barua, ule wa riwaya za sayansi ya kubuni na fantasia, maana nimeufuata toka ile barua ya kaka wa Mbagala aliyesema stori za majini na vyombo vya anga zinawaharibu watoto, halafu akaja dada wa Tabata akajibu kwamba ni tamu sana ila ni za Wazungu, Kiswahili hakina, ukitaka kuzisoma lazima uwe na Kiingereza cha kutosha. Mzee mmoja wa Ilala naye akafunga kazi kwa kusema mtu mzima mwenye majukumu hana muda wa kusoma uongo. Nimezisoma zote na naomba nafasi na mimi niseme yangu, mimi ni fundi simu tu hapa Kariakoo lakini riwaya nasoma sana.

Naanza na dada wa Tabata kwa sababu tunapenda kitu kimoja. Dada yangu, fantasia ya Kiswahili ipo na inawezekana kabisa umeshaifanyia mtihani. Chukua Kusadikika ya Shaaban Robert, imetoka 1951, bado tuko chini ya Mwingereza. Humo kuna nchi nzima inaelea angani! Wajumbe sita wanatumwa, wanne kwenye zile pande nne, mmoja anapelekwa juu mbinguni na mmoja anatumwa ardhini, yaani hebu fikiria, kwa watu wa Kusadikika ardhi hii tunayokanyaga sisi ndo nchi ya ajabu ya kwenda kupeleleza, halafu kila mjumbe akirudi na habari zake badala ya kupokelewa vizuri anatupwa gerezani, na zote hizo tunazisikia kwa Karama akiwa amesimama barazani anajitetea, waziri Majivuno anataka auawe. Hiyo ndugu zangu ingeandikwa leo na mtu wa Marekani ingekuwa na sehemu ya pili na ya tatu na fulana zake zingeuzwa.

Sasa sisi tuliisomaje? Mwalimu anaingia darasani, anaandika ubaoni fani na maudhui, chini yake dhamira, ujumbe, falsafa ya mwandishi, wahusika na tabia zao. Kusadikika ni Tanganyika ya mkoloni, Majivuno ni kiongozi mbaya, Karama ni mpenda haki, andikeni, kesho tunaendelea. Siwalaumu walimu, mtihani ndo unataka hivyo na mwalimu anapimwa kwa ufaulu. Na wala sisemi kuwa maana hiyo haimo, imo, mzee Shaaban alikuwa anasema na watawala kwa mafumbo na watu wazima wa wakati ule walimuelewa. Lakini hakuna siku hata moja tuliulizwa yule mjumbe wa ardhini alishukaje, kama nchi iko juu ya mawingu basi mvua yao inatoka wapi, mtoto akicheza ukingoni akateleza anadondokea nchi ya nani. Hayo ndo maswali ambayo mtoto wa kidato cha pili anayawaza mwenyewe bila kuambiwa, na tunamfundisha ayanyamazishe ili apate alama. Akitoka hapo ameshajua kwamba kitabu cha Kiswahili ni kitu cha kuchambua na cha Kiingereza ndo cha kuburudika nacho. Mimi naamini kabisa hapo ndo tulipopotezea wasomaji, na ndo maana mtu kama dada yetu, msomaji mzuri tu, anasema hatuna.

Riwaya yake nyingine, Adili na Nduguze, hivyo hivyo. Humo jini Huria anawageuza ndugu wawili wa Adili kuwa manyani kwa husuda yao, na Adili mwenyewe aliyedhulumiwa anaamriwa awachape viboko kila usiku, na anawapenda, anaumia akiwachapa. Kuna mji ambao watu wote wamegeuka mawe. Mtu ukisoma ile sehemu ya viboko usiku taa ya simu imewashwa na nyumba nzima imelala, unasikia kabisa. Ukiniuliza ujumbe wake nitakuambia, lakini kwanza niache niogope.

Na sio Shaaban Robert peke yake, tusije tukamfanya mzee wa watu abebe mzigo wote. Katama Mkangi wa Kenya aliandika Walenisi, ikatoka 1995, huko mtu anaitwa Dzombo anahukumiwa kufa na njia ya kumuua ni kumfungia kwenye chombo cha angani kimpeleke asikorudi, chombo kikamfikisha kwenye dunia nyingine ambayo watu wake wanaishi kwa usawa. Hiyo ni sayansi ya kubuni mia kwa mia, chombo, anga, dunia mpya, kila kitu, na mwandishi wake alikuwa mtu aliyewekwa kizuizini na serikali yake mwaka 1986, kwa hiyo habari ya kufungiwa alikuwa anaijua. Kezilahabi wetu naye ana Nagona na Mzingile, miaka ya 1990 na 1991, ngumu hizo, nakiri zinahitaji kurudiwa, ila ukiziingia kama unaingia ndotoni badala ya kutafuta jibu la mtihani zinafunguka zenyewe.

Halafu kuna hoja kwamba watu wetu hawapendi hivi vitu. Jamani! Nendeni kibanda umiza chochote, Manzese, Buguruni, Mbagala hiyo hiyo ya kaka yetu, siku inapochezwa muvi ya roboti au ya watu wa sayari nyingine ambayo DJ ameitafsiri kwa Kiswahili chetu cha mtaani, muone watu wanavyobanana. Vijana, watu wazima, wapiga debe, kina mama wanaosubiri foleni ya maji ipungue. Pale hakuna anayesema hii ni ya Wazungu, maana inasemwa kwa lugha yake na DJ anamweleza hadi kwanini jamaa amekasirika. Na simulizi za sauti za majini zinazosikilizwa kwenye simu, mimi nafanya kazi nazo masikioni kutwa nzima nikibadilisha vioo na mifumo ya chaji, na wateja wakikaa kwenye stuli kusubiri wananiomba nitoe earphone wasikilize wote. Hamu ipo, tena kubwa. Kinachokosekana ni kitabu kipya mkononi, kwa bei ya kununulika, kinachouzwa mahali ambapo mtu anapita.

Nataka nikae kidogo kwenye hili la nani anaandika maana naona wengi wanalipita haraka. Mfaransa Jules Verne, huyu anayehesabiwa kati ya baba wa riwaya za sayansi, riwaya yake ya kwanza kupata umaarufu ilitoka 1863 na inahusu safari ya puto juu ya Afrika kwa wiki tano. Unajua puto linapaa kutokea wapi? Zanzibar. Linavuka bahari, linapita juu ya Uzaramo huku kwetu, linakata kwenda bara mpaka Kazeh, yaani Tabora, kisha linaendelea hadi upande wa Senegali. Verne mwenyewe alikuwa hajawahi kukanyaga nchi hizi, alisoma taarifa za wapelelezi akaweka na ubunifu wake. Na kule Kazeh anaandika kwamba wenyeji walipoona puto wakadhani ni mwezi umeshuka, wakawapokea wale Wazungu kama watoto wa mwezi. Nilipofika hapo nikakiweka kitabu chini. Tabora ya wakati ule ni mji wa biashara, misafara ya pembe inaingia na kutoka, kuna watu wametembea kwa miguu mpaka pwani na kurudi, wameona majahazi, bunduki, vioo, saa, vitambaa vya India, leo waje kudhani mfuko wa hewa ni mwezi?

Sikimbii kitabu kwa sababu hiyo, nilikichukua tena nikakimaliza na kwa ufundi wa kusimulia nampa heshima yake. Lakini kinaonyesha kwanini hili jambo sio mchezo wa watoto. Anayeandika riwaya ya maajabu ndiye anayeamua nani atakuwa mwerevu ndani ya chombo na nani atabaki chini ameduwaa mdomo wazi. Natamani mtu wa Tabora aiandike siku ile ile upya akiwa amesimama chini, mfanyabiashara wa Kinyamwezi anatazama lile puto na kuanza kupiga hesabu linabeba frasila ngapi.

Mzee wangu wa Ilala, shikamoo, wewe umesema ni uongo. Naomba nikupe habari moja ya kweli. Karibu na Malindi, baharini, kuna jukwaa la kurushia roketi linaitwa San Marco, lilijengwa na Waitaliano, walipachagua kwa sababu karibu na ikweta mzunguko wa dunia wenyewe unakisukuma chombo na kinahitaji nguvu kidogo kuliko sehemu nyingine. Tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa pale setilaiti ya Wamarekani, ikapewa jina Uhuru maana ilikuwa siku ya uhuru wa Kenya. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa maalum kwa ajili ya kutazama eksirei zinazotoka angani, na taarifa zake zilisaidia wanasayansi kuanza kuamini kwamba kile kitu kinachoitwa Cygnus X-1 kina shimo jeusi, yaani kitu chenye mvutano mkubwa mpaka hata mwanga hautoki. Chombo chenye jina la Kiswahili, kimepaa kutoka pwani hii ya Waswahili, kimeenda kuchungulia shimo jeusi. Mzee ningekuandikia hayo kwenye riwaya bila kukuambia ni kweli ungesema nimezidisha chumvi. Na hatuhitaji hata kwenda Malindi, Mbozi kuna kimondo cha tani nyingi kimekaa pale, chuma kitupu na nikeli kidogo, kimetoka angani. Ol Doinyo Lengai inatoa lava nyeusi ya aina ambayo hakuna volkano nyingine hai duniani inayoitoa. Tendaguru kule Lindi Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria toka 1909 mpaka 1913 wakaipeleka Berlin na mpaka leo imesimamishwa kwenye jumba lao la makumbusho, mijusi mikubwa kuliko nyumba ya ghorofa mbili. Mwandishi wa nchi hii anakosaje stori?

Kaka wa Mbagala nimemuweka mwisho sio kwa dharau, hofu yake naiheshimu kuliko hoja zote. Anaogopa watoto waamini ushirikina, na katika nchi ambayo watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo kwa sababu ya imani za kishirikina, hiyo hofu sio ya kuchekwa. Ila nadhani amekosea adui. Mganga tapeli anakuambia hiki ni kweli, leta hela, leta kuku, leta kiungo. Mwandishi wa fantasia anakuambia hebu tuwaze pamoja, na ukifunga kitabu hakudai kitu. Mtoto aliyezoea kuwaza hivyo ndiye atakayemuuliza mganga maswali. Na kwenye Kufikirika, ya Shaaban Robert tena, iliyotoka 1967 yeye akiwa ameshafariki, mtoto wa mfalme anaumwa, wataalamu wanasema dawa yake ni kafara ya mjinga mmoja na mwerevu mmoja, na riwaya yenyewe ndo inageuka kuwa ubishi juu ya hiyo kafara, watu wanasimama kuipinga kwa akili. Kitabu cha ajabu ajabu kinapiga vita kafara! Mpe mwanao asome kaka, kisha mkae barazani mzungumze, usimuachie peke yake kama ana umri mdogo.

Mhariri sasa ombi langu. Magazeti ya Kiswahili yana desturi ya hadithi za mfululizo, mapenzi na upelelezi vimejaa, na huko Uingereza hata ile riwaya maarufu ya watu wa Mars kuivamia dunia ilianza kutoka kwa sehemu kwenye jarida mwaka 1897 kabla ya kuwa kitabu, kwa hiyo sio kitu kigeni kwa kazi yenu. Tengeni nafasi kila wiki kwa ajili ya hadithi za sayansi ya kubuni na fantasia zilizoandikwa kwa Kiswahili na watu wa hapa. Vijana wanaoandika wapo, mmoja ananiletea simu yake itengenezwe na ndani yake ana hadithi ya bonde la Jangwani hapa Dar miaka mia ijayo, watu wanakwenda Magomeni kwa boti, nimeisoma yote akiwa amekaa pale pale ananisubiri na ningeilipia. Walipeni hata kidogo. Na msiwabane waeleze ujumbe mwishoni mwa kila sehemu.

Jambo la mwisho, mkikubali, naomba isiwekwe kwenye ukurasa wa watoto.

Fundi simu,
Kariakoo, Dar es Salaam