Shukrani kwa dada wa steshenari, Tanga mjini

Dada yetu, jina lako hatulijui, ila wageni wengi tunaowapangisha vyumba hapa Tanga wamepita mikononi mwako kwa mambo ya viza. Sisi wenyeji wao tunasema ahsante sana.

Kwanza unafungua pasipoti kwenye mhuri wa kuingilia, kwa kuwa siku za kukaa huhesabiwa kutoka hapo, si tarehe ya kulipia viza. Mgeni wa siku 90 aliyeingia tarehe 1 Julai, siku yake ya mwisho ni 28 Septemba. Wengi huhesabu "miezi mitatu" wakajikuta wamepitiliza. Wewe unaizungushia tarehe ile kwa kalamu nyekundu, na unawatuma Uhamiaji mapema, si siku ya mwisho.

Ahsante pia kwa kuwaeleza ukweli kuhusu Horohoro, mpakani na Kenya. Viza ya kuingia mara moja inaweza kufa ukishavuka kwenda Lunga Lunga, upande wa Kenya. Kurudi kunaweza kutaka viza nyingine, na anayeamua ni afisa wa Uhamiaji. Ile viza ya pamoja ya Kenya, Uganda na Rwanda haiihusu Tanzania. Tena viza ya utalii si ya kazi, hata ya kujitolea. Hilo halipendwi, lakini unalisema.

Kwenye maombi mapya unaandika jina herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye pasipoti, na unahakiki kuwa anwani ya tovuti inaishia na go.tz. Za madalali hutoza zaidi.

Mungu akuzidishie, dada.