Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Ruhusa za Mafaili katika Folda za Pamoja

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati tendaji ninawasilisha kwenu taarifa ya mwaka unaomalizika. Masuala ya fedha yameelezwa na mhazini katika taarifa yake, na daftari la wanachama wapya liko kwa katibu kwa yeyote anayetaka kulipitia. Mimi nimeona ni vyema taarifa hii niielekeze kwenye kazi iliyochukua muda mwingi kuliko nyingine zote za wahudumu wetu wa kujitolea, nayo ni utatuzi wa matatizo ya ruhusa za mafaili katika folda za pamoja zinazofikiwa na kompyuta za Windows, Linux na macOS kwa wakati mmoja.

Malalamiko yaliyotufikia yalifanana sana kwa maneno: mtu amenyimwa ruhusa, au anaona faili lakini hawezi kulihifadhi baada ya kulihariri. Sababu zake, hata hivyo, hazikufanana. Ombi la kufungua faili lililo kwenye seva hupita hatua kadhaa kabla ya kukubaliwa. Kwanza seva hutaka kujua anayeomba ni nani. Kisha hutazama ruhusa zilizowekwa kwenye folda iliyoshirikishwa. Kisha hutazama ruhusa za faili lenyewe kwenye diski. Na katika baadhi ya seva za Linux, SELinux, yaani kinga ya ziada ya usalama ya Linux, nayo ina uamuzi wake, kwa kuwa huenda ikaizuia Samba, programu inayoiwezesha seva ya Linux kushirikisha folda na kompyuta za Windows, isisome folda ambayo haikupewa lebo ifaayo, hata kama ruhusa nyingine zote ziko sawa. Hatua moja ikikataa, hatua nyingine haziwezi kuokoa ombi hilo. Kwa mfano, katika seva ya Windows, mtu aliyepewa mamlaka yote juu ya faili kwenye diski bado ataishia kusoma tu ikiwa folda ilishirikishwa kwa ruhusa ya kusoma peke yake, na hiyo ndiyo hali ya kawaida folda inaposhirikishwa bila kubadilisha chochote.

Katika hatua hizo, ile ya utambulisho ndiyo iliyotusumbua zaidi. Itifaki ya NFS, ambayo ni njia ya kushirikisha mafaili inayotumika sana kwenye Linux, inapotumika bila Kerberos, yaani mfumo wa kuthibitisha utambulisho, haimtambui mtu kwa jina wala kwa nywila. Kompyuta ya mtumiaji hupeleka namba ya mtumiaji pamoja na namba za vikundi vyake visivyozidi 16, na seva huziamini. Sasa, mifumo mingi ya Linux humpa mtumiaji wa kwanza namba 1000, na macOS humpa namba 501. Mtu mmoja mwenye kompyuta mbili za aina hizo huonekana kwenye seva kama watu wawili, na mafaili aliyoyaandika asubuhi kwa kompyuta moja humkataa jioni akitumia nyingine. Lipo na jambo baya kuliko hilo: watu wawili tofauti, kila mmoja akiwa mtumiaji wa kwanza wa kompyuta yake ya Linux, huonekana kuwa mtu mmoja, na kila mmoja anaweza kusoma na kufuta kazi ya mwenzake pasipo onyo lolote kutokea. Kosa linalojitangaza hutafutwa likapatikana. Hili halijitangazi, na ndiyo maana ninaliombea uangalifu wenu wa pekee. Vivyo hivyo, mtu anayejaribu kulazimisha mambo kwa kutumia akaunti ya root, ile yenye mamlaka yote juu ya kompyuta, kutoka kompyuta yake atashangaa kukataliwa, kwa kuwa seva ya NFS ya Linux kwa kawaida humgeuza root wa mbali kuwa mtumiaji asiye na mamlaka.

Upande wa Samba, utambulisho huenda kwa jina na nywila, lakini hapo tulikutana na tatizo la mafaili mapya. Samba isipobadilishiwa chochote huunda faili jipya kwa ruhusa 0744, maana yake mwenye faili anaweza kuandika na wengine wote wanaweza kusoma tu. Kwa folda ya mtu mmoja mpangilio huo unafaa, lakini kwa timu inayohariri nyaraka kwa zamu haufai. Wahudumu wetu walipendekeza kila mara mpangilio uleule: timu iwe na kikundi chake, folda ipewe ruhusa 2770 au 2775 ili kila kinachoundwa ndani yake kirithi kikundi hicho, na thamani za "create mask" na "directory mask", ambazo katika Samba huweka mipaka ya ruhusa za mafaili na folda mpya, zirekebishwe ili kikundi kiweze kuandika. Baada ya hapo ni lazima wahusika watoke na kuingia upya, kwa sababu orodha ya vikundi vya mtumiaji husomwa anapoingia. Wengi waliotuambia kwamba ushauri haukufaa kitu walikuwa wameruka hatua hii moja.

Kuhamisha na kunakili nako kumeleta utata mwingi. Faili linalohamishwa kutoka folda moja kwenda nyingine ndani ya diski ileile kwa kawaida hubaki na ruhusa zake za zamani, ilhali linalonakiliwa hupata ruhusa za mahali linapokwenda. Zaidi ya hayo, programu nyingi za ofisi hazihifadhi kwa kuandika juu ya faili lililopo; huunda faili jipya la muda, kisha hulipa jina la lile la awali. Kwa hiyo mtu mwenye ruhusa ya kuandika kwenye faili, lakini asiye na ruhusa ya kuunda na kufuta ndani ya folda, atashindwa kuhifadhi na ataapa kwamba ruhusa anazo. Hasemi uongo, ila ruhusa inayotakiwa hapo ni ya folda.

Ninalazimika kusema wazi kuhusu amri ya chmod 777, ambayo kwenye Linux na macOS humpa kila mtu ruhusa zote juu ya faili au folda. Kamati inaipinga kabisa kama tiba. Inapofanikiwa, inafanikiwa kwa kumfungulia kila mtu, na mara nyingi haifanikiwi, kwa kuwa haigusi utambulisho, wala ruhusa za folda iliyoshirikishwa, wala SELinux. Ikiendeshwa kwenye kompyuta ya Linux iliyopachika folda ya seva ya Windows, yaani iliyoiunganisha ionekane kama folda yake yenyewe, huenda isibadilishe chochote kwenye seva: umiliki na ruhusa zinazoonekana hapo kwa kawaida hutoka kwenye maelekezo ya kupachika, na uamuzi unabaki kwa seva.

Baadhi ya maombi yalitoka kwa wanachama ambao folda zao zilikuwa zikifunguka bila nywila kwa miaka, kisha zikaacha ghafla. Windows 11 toleo la 24H2, lililotoka mwaka 2024, hudai mawasiliano yenye saini ya kidijitali na hukataa kuingia kama mgeni katika toleo lake la Pro. Ushauri wetu ni kumfungulia kila mtumiaji akaunti kwenye seva badala ya kulegeza kinga hiyo.

Kwa mwaka ujao kamati inaleta kwenu mapendekezo mawili ili myapigie kura. La kwanza ni chama kiandae mwongozo wa kugawa namba za watumiaji na vikundi, ambao mwanachama mwenye kompyuta za mifumo tofauti ataufuata kabla hajaunda akaunti ya kwanza, kwa kuwa kubadilisha namba baada ya mafaili kuwepo ni kazi ndefu. La pili ni kwamba kila ombi la msaada liambatane na maelezo ya mtumiaji aliyekataliwa, matokeo ya amri ya id, inayoonyesha namba za mtumiaji na vikundi vyake, kwenye kompyuta yake na kwenye seva, ruhusa za faili pamoja na za folda zote zilizo juu yake kama zinavyoonyeshwa na amri ya getfacl kwenye Linux au icacls kwenye Windows, na kwa wenye Samba, matokeo ya testparm, amri inayokagua mipangilio ya Samba. Pendekezo hili likipita, fomu ya maombi itabadilishwa mara moja, na maombi ambayo yako mezani kwa sasa yataendelea kushughulikiwa kwa utaratibu wa zamani hadi yaishe.