Barua ya Wazi kwa Mganga Mkuu wa Serikali: Wagonjwa Mahututi Wasilale Njaa

Kwa Mganga Mkuu wa Serikali,
Wizara ya Afya, Dodoma.

YAH: KUSITISHWA OVYO KWA LISHE YA MPIRA ICU (WODI ZA WAGONJWA MAHUTUTI)

Ndugu Mganga Mkuu, tunakusalimu kwa heshima.

Fedha za UVIKO-19 za mwaka 2021 zilisaidia kujenga ICU mikoani na kuleta mashine za kupumulia. Tunaandika kuhusu kitu cha bei ndogo zaidi: chakula kinachopita kwenye mpira wa puani, na jinsi kinavyokatwa bila sababu ya kutosha.

Saa tisa usiku muuguzi anavuta mabaki, yaani kilichobaki tumboni, kwa bomba la sindano la mililita 50. Anapata jumla ya mililita 180, majimaji ya kijani yenye chembe za maziwa. Anaandika kwenye chati: "Hajasaga, mlo usitishwe." Asubuhi zamu inakabidhiana, maneno hayo yanarithiwa, na mchana unamkuta mgonjwa hajapata kitu. Huo si uzembe, ndivyo tulivyofundishwa wengi. Lakini mate na maji ya tumbo peke yake hupita lita 2 kwa siku, hata kwa asiyekula. Mililita 180 hazithibitishi kwamba tumbo limegoma. Utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2013, kwa wagonjwa walio kwenye mashine za kupumulia, ulionyesha kuwa kuacha kabisa kupima mabaki hakukuongeza nimonia, inayohofiwa chakula kikirudi na kuingia mapafuni. Miongozo ya Ulaya inasema chakula kisubirishwe mabaki yakizidi mililita 500 ndani ya saa 6.

Hatusemi tumbo la mahututi ni zima. Morfini hulilegeza, potasiamu ikishuka utumbo hulala, sukari ikipanda chakula huchelewa kushuka. Kwa hiyo kabla ya kufunga mpira, itafutwe sababu: madini ya potasiamu na magnesiamu kwenye damu yapimwe, sukari ishushwe, morfini ipunguzwe kama maumivu yanaruhusu, kichwa cha kitanda kiinuliwe nyuzi 30 hadi 45, na iulizwe amepata choo lini. Chakula kipunguzwe nusu, kisikatwe. Ikishindikana, zitumike dawa za kuamsha tumbo: erithromaisini ya mshipa miligramu 100 hadi 250 mara 3 kwa siku, au metoklopramidi miligramu 10 mara 2 hadi 3, baada ya kuangalia ECG (kipimo cha umeme wa moyo), kwani zote zinaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Baada ya siku 3 nguvu ya dawa hizi hupungua sana. Kuziacha kwenye chati wiki nzima ni kumpa mgonjwa madhara bila faida.

Pa kusimama papo. Anatapika, au tumbo limevimba na kukaza kama ngoma, au anatoa damu, au noradrenalini (dawa ya kupandisha presha) inapandishwa kila saa na laktati (asidi ya damu inayoashiria viungo kukosa oksijeni) nayo inapanda: funga mpira, mwite daktari. Damu isiyofika vizuri kwenye utumbo ikidaiwa kazi ya kusaga, utumbo unaweza kufa. Utafiti mwingine wa Ufaransa, wa mwaka 2018, ulikuta visa vya utumbo kukosa damu vikiwa vingi zaidi kwa wagonjwa wa mshtuko (presha kushuka mno hadi viungo kukosa damu) waliolishwa kiwango kamili mapema kwa mpira kuliko waliolishwa kwa mshipa.

Sasa uji, ambao ndugu huleta upitishwe kwenye mpira. Mtu wa kilo 60 anahitaji kama kilokalori 1,500 kwa siku akishatulia. Uji mzito huziba mpira, kwa hiyo ndugu huulegeza. Ukibeba kilokalori 50 katika mililita 100, zitahitajika lita 3, na hakuna tumbo la mahututi litakalozibeba. Mililita 200 kila saa 3, bila kuruka hata mlo mmoja, ni kilokalori 800 tu. Kisha uji huo umekaa kwenye chupa ya chai tangu alfajiri, vijidudu vimezaana, mgonjwa anaharisha, na chati inasema "hapokei chakula". Tumbo linasingiziwa. Dawa za maji zenye sobitoli (kitia utamu) huharisha vilevile, na hazitazamwi.

Aliyekaa siku nyingi bila kula apewe vitamini B1 kabla ya mlo wa kwanza, aanze na mililita 10 hadi 20 kwa saa, na fosfeti, madini ya damu ambayo huweza kushuka ghafla mlo unapoanza tena, ipimwe kila siku. Ikiporomoka, misuli ya kupumulia hulegea na moyo unaweza kusimama.

Tunaomba mambo manne. Mwongozo wa ukurasa mmoja, ubandikwe ukutani kila ICU, wenye namba hizi. Erithromaisini ya mshipa na kipimo cha fosfeti vifike hospitali zote za rufaa za mikoa. Chakula cha mpira chenye kilokalori 1 kwa mililita kitengenezwe jikoni hospitali, kwa vipimo vya afisa lishe, na kisikae nje ya friji zaidi ya saa 4, ili ndugu wapumzishwe mzigo huo. Na chati ya ICU iongezewe mstari mmoja: mililita zilizoagizwa, mililita zilizoingia, na sababu ya tofauti, usomwe kwa sauti kila zamu inapokabidhiana.

Wako katika kazi,
Wauguzi, madaktari na maafisa lishe wa wodi za wagonjwa mahututi

Nakala: Mfamasia Mkuu wa Serikali