Tuambiwe twazibwa na nini kabla hatujaachama

Mhariri,

Asalaam aleikum. Mie ni mama wa watoto watano hapa Langoni, Amu, nauza visheti na mabuyu mlangoni kwangu, kwa hivyo kwa habari ya meno kuoza najua nami nina mkono wangu, sikatai, msinianze na hilo. Lililonifanya nishike simu niandike ni jino la mkazamwanangu.

Alikuwa na mimba ya miezi sita, gego la chini likamuanza usiku, karafuu tukatia, maji ya chumvi akasukutua, wapi, alfajiri shavu lishafura. Tukenda kliniki moja, jina nakaa nalo mwenyewe maana sitafuti ugomvi na mtu. Akapigwa ganzi, akachokolewa, akazibwa, nusu saa tushatoka. Mie nilikuwa nimekaa pembeni nimemshikia mkoba naona kila kitu, yule msaidizi akatoa kidude cha plastiki kama kidonge akakitia kwenye kimashine kikatetemeka drrrr sekunde chache, kufunguliwa mna kitu kama ugali wa fedha, daktari akawa anaushindilia kwenye tundu la jino nao walia kwichi kwichi kama mchanga ulorowa ukikanyagwa. Hakuna alouliza kama ana mimba, na buibui lilivyotuna mbele vile, wala alosema hiki ni kitu gani. Kufika nyumbani mtoto wa watu akajitazama kwenye kioo, akanambia mama nimetiwa chuma.

Si chuma, ni amalgamu, na karibu nusu ya uzito wake ni zebaki, ile ile ya kipima homa cha zamani, nusu ilobaki ni fedha, bati na shaba. Wa rika langu mwakumbuka kipima homa kikivunjika, vile vitone vya fedha vikibingirika sakafuni twavikimbiza kwa kidole, viwili vikigusana vyawa kimoja, twacheka, kumbe mvuke wake twauvuta. Kwenye jino zebaki imeshikana na hayo madini mengine ikawa ngumu, haibingiriki tena, lakini haijafungika kabisa kabisa, ukitafuna au ukisaga meno usingizini kamvuke kadogo katoka, wakavuta kwa pumzi, kakishaingia kwenye damu makao yake ni figo na ubongo, na kwa mja mzito kapita kwenye kondo la nyuma kakafika kwa mtoto. Kadogo sana, nasema tena, maana najua hapa ndipo watu huanza kupiga mayowe.

Na mayowe yalipigwa kweli. Wiki ile ile ikaja voisi kwenye WhatsApp, imeforwadiwa sijui mara ngapi, mtu sauti nzito ati yeyote mwenye jino la fedha ana sumu mdomoni akang'oe leo leo, ndo chanzo cha kusahau, cha mgongo, cha ugumba, kila ugonjwa ulioko duniani katiwa humo. Mkazamwanangu halali, analia, mume yuko baharini simu haishiki. Jirani yangu mmoja, mtu wa muguka huyo, mchana kutwa shavu limejaa na bablish juu yake, yeye hakungoja, akenda kwa mtu akachokolewa majino matatu ya fedha kwa siku moja. Hakuwekwa mpira wa kuzingira jino, hakukuwa na mashine ya kufyonza, vumbi lote kalivuta na kalimeza yeye na huyo alomchokoa. Jino moja lilipasuka likang'olewa. Sa hii atafuna muguka upande mmoja.

Kumbe hapo ndipo alipojidhuru. Daktari wa pili tulompelekea mkazamwanangu, binti mdogo mstaarabu, alitukalisha chini akatweleza kwamba zebaki hutoka kwa wingi siku ya kutiwa na siku ya kuchokolewa, katikati hapo ni kidogo, basi mja mzito aliyekwisha zibwa na jino lake ni zima halijapasuka, aliwache, asiguswe. Nilidhani atupoza roho tu. Nikamwambia mwanangu alo chuo anitafutie, akakuta shirika la Marekani la chakula na dawa limesema vivyo hivyo mwezi Septemba 2020: wajawazito, wenye nia ya kushika mimba, wanaonyonyesha, watoto hasa chini ya miaka sita, wenye maradhi ya figo au ya mishipa ya fahamu, na wenye mzio wa zebaki, hao ikiwezekana wazibwe kwa kitu kingine, lakini alo nayo tayari na iko sawa asiitoe bila sababu ya kitabibu. Tena kuna watoto walofuatiliwa miaka, kundi moja Ureno na jingine Marekani, nusu walizibwa kwa amalgamu nusu kwa ile nyeupe isiyo na zebaki, majibu yakatoka 2006, akili zao hazikuonekana kupishana. Hayo yule wa voisi hakuyataja.

Mkanganyiko wenyewe naona watokana na Minamata. Jina hilo latajwa kila mahali pakisemwa zebaki, na kisa chake mtu wa Amu akikisikia lazima nywele zimsimame. Ni mji wa Japani wa bahari, wavuvi, watu wa kula samaki asubuhi na jioni kama sisi. Kiwanda cha Chisso kikawa chamwaga maji yake machafu ghubani miaka na miaka, zebaki ikaingia kwa samaki, na wa kwanza kuonekana walikuwa paka, wacheza kama wamepagawa, wengine watumbukia baharini, halafu 1956 ndo ugonjwa ukatangazwa kwa watu, watoto wazaliwa viungo vimepinda na mama zao wazima wazima. Mie nikipita sokoni nikiwaona paka wetu wamejilaza kungoja matumbo ya samaki huwa nalikumbuka hilo. Lakini zebaki ya Minamata ni ya aina nyingine, ile iloingia kwa samaki, ndo maana hata leo mja mzito huambiwa apunguze papa na nduaro na samaki wengine wakubwa walao wenzao, ale tafi na changu. Ya kwenye jino ni mvuke. Kumtisha mtu wa jino kwa picha za watoto wa Minamata si haki.

Ila ni kwa jina la mji huo mataifa yakaandika mkataba wa zebaki 2013, na Kenya ilitia saini mwaka huo huo. 2022 nchi zikakubaliana kuzuia au kushauri amalgamu isitumike kwa watoto chini ya miaka 15, kwa wajawazito na kwa wanaonyonyesha, isipokuwa daktari aone hapana budi kwa hali ya mgonjwa. Na Novemba 2025 huko Geneva wakapanga mwisho wake dunia nzima uwe 2034. Umoja wa Ulaya wao walianza kuifunga Januari 2025, Norway na Sweden zamani zaidi.

Sasa mie swali langu kwa madaktari wetu ni moja tu Mhariri. Kama daktari huyo aliona hapana budi, aliona saa ngapi na hakumuuliza mtu hata jina la mumewe wacha mimba? Sisemi ana nia mbaya. Najua hizo nyeupe ni ghali zaidi, na nazo si malaika, ile ya resini yataka jino liwe kavu kabisa ndo ishike na kwenye tundu kubwa haidumu sana kama fedha, ile nyingine ya glasi ionoma ni rahisi kutia na yatoa floridi lakini haina nguvu hiyo. Najua pia bora jino la fedha kuliko jino la kung'olewa, na wangapi hapa visiwani, Pate huko, Kiwayu, hata wa kung'oa hawampati wakitaka. Yote sawa. Lakini nambie. Nambie hii bei yake hii, ile bei yake ile, hii ina zebaki, nikichagua ya fedha kwa akili yangu na mfuko wangu hilo ni langu. Fundi cherehani kabla hajakata kitambaa hukuuliza, iwe mdomo wa mtu?

Na jambo jingine dogo, nilimuuliza yule msaidizi ule ugali wa fedha ulobaki waenda wapi akacheka, akaelekeza kidole kwenye pipa la taka la kawaida. Taka za hapa twajua mwisho wake, zachomwa, na kuchoma zebaki ni kuirusha hewani. Mabaki yale yatakiwa yawekwe kwenye chombo cha kufungwa yakusanywe peke yake. Mji wenyewe huu nyumba zimebanana, kisima na choo ukuta kwa ukuta, kila kitu charudi tu kwetu.

Mkazamwanangu kajifungua salama, kijana, analia usiku kucha nyumba nzima hatulali. Jino la fedha bado anatafunia. Jumatatu in shaa Allah nampeleka kitinda mimba wangu, ana miaka tisa, gego limetoboka kwa mabuyu ya mamake, na swali nishaliandika kwenye kikaratasi nimekipachika ndani ya kasha la simu, nitamsomea daktari kabla mtoto hajapanda kile kiti.

Mama Visheti,
Langoni, Lamu