Ile karatasi ya emsii

Mwanangu, asalam aleikum. Huu ujumbe ni mrefu, usiusome ukiwa barabarani, fika kwako kwanza ule ndo uufungue. Nimeuandika siku mbili maana kidole kinachojua kuandika ni kimoja tu na hiki kisimu kinanibadilishia maneno.

Harusi ilikuwa nzuri mashallah, mkwe wangu nimempenda, pilau ilitosha, hayo tumeshaongea. Ila kuna jambo limenikaa tangu ukumbini. Emsii alipotambulisha wazazi alianza na upande wa bibi harusi, "baba mzazi, meja mstaafu wa Jeshi la Wananchi!" ukumbi mzima vigelegele, mzee wa watu akasimama akapiga na saluti, hata mi nikapiga makofi. Zamu yangu ikaja, "mama mzazi wa bwana harusi, mama wa nyumbani kutoka Tanga". Nikasimama, nikapunga mkono, nikakaa. Baadaye nikamuuliza kwa utani, we kijana hilo la mama wa nyumbani umelitoa wapi, akanionyesha karatasi. Mwandiko wako baba.

Sijakasirika. Haya, nilinuna kwenye basi mpaka Segera. Ila nilipofika nyumbani nikakumbuka kwamba mara ya kwanza kuandikwa hivyo niliruhusu mwenyewe. Unakumbuka 2019 nilivyokuwa nahangaikia pasipoti ya kwenda Umra? Nilienda kwa yule kijana wa stesheneri anijazie fomu, akafika kwenye kazi, "bi mkubwa unafanya kazi gani?" nikababaika kama mtoto aliyeulizwa hesabu, nikasema nimestaafu, akasema kwa hiyo uko nyumbani tu, nikasema ndio. Akaandika mama wa nyumbani nikamlipa buku mbili nikashukuru. Miaka 39 ya kazi imefutwa kwa buku mbili na asante nimetoa.

Tangu siku ile ya harusi naangalia tu watu wanavyojibu hapa mtaani na nimegundua wanaume hawana tabu hii kabisa. Jirani yetu wa barabara ya kumi na mbili alikuwa karani wa stoo, leo ukimuuliza anakwambia "mimi afisa ugavi mstaafu", cheo kimepanda akiwa amelala. Mwenzie anajiita mkulima kwa sababu ana michungwa Muheza, michungwa yenyewe kaikodisha hajaikanyaga huu mwaka wa tatu. Mwingine mjasiriamali, hilo neno silipendi, mtu ana friji moja ya barafu na maji ya kandoro, yale ya vifuko vya plastiki, basi mjasiriamali. Yule mzee wa msikitini ndo namkubali, akiulizwa anajibu "nakula jasho langu" anaendelea kunywa kahawa yake. Lakini sisi wanawake ukistaafu tu unarudishwa jikoni kama vile hukuwahi kutoka, mwalimu kidogo anaponea maana watoto aliowafundisha wanamwamkia njiani shikamoo mwalimu, na nesi naye anagongewa usiku. Sasa mimi nani anigongee, kazi yangu yenyewe imekufa.

Na hapo labda kosa ni langu sijawahi kukueleza vizuri. Wewe umekua unaniona dirishani napokea malipo ya bili za simu ukajua mama yako ni wa kaunta. Mimi nilikuwa opareta. Nimeajiriwa 1975 nina miaka 21, wakati huo shirika la posta na simu ni la Jumuiya ya Afrika Mashariki, makao makuu yako Kampala, barua yangu ya ajira ninayo mpaka leo ipo kwenye lile sanduku la bati pamoja na vyeti vyenu vya kliniki. 1977 jumuiya ikavunjika tukabaki na letu wenyewe Watanzania. Unakaa mbele ya ubao una matundu mengi, kila tundu ni mtu au mji, hedifoni kichwani, mkononi waya wenye plagi, taa ikiwaka unachomeka unauliza "namba tafadhali". Mtu akitaka kuongea na Mwanza hapigi yeye, anaomba kwako, unamwandikia tiketi, unahangaika na wenzio wa huko mpaka laini ipatikane, inaweza kuwa saa zima, inaweza kuwa kesho. Ikipatikana wanahesabiwa dakika tatu tatu na wewe ndo unaingia katikati kuwaambia muda umekwisha, hapo mtu analia msiba, wewe unamwambia dakika tatu zimekwisha unaendelea? Wallahi ile sentensi nilikuwa naiota.

Siri za mji huu nilikuwa nazo mimi. Nani anadaiwa, nani ana mke wa pili Korogwe, nani mtoto wake kafukuzwa shule, na sikuwahi kufungua mdomo, hata marehemu baba yako alikuwa ananibembeleza wee nikakataa. Tulikula kiapo. Halafu zikaja mashine za mtu kupiga mwenyewe moja kwa moja, tukapungua, 1994 posta na simu zikatenganishwa kila mmoja kivyake, huku Dar watu washaanza kutembea na mobaili kubwa kama tofali. Wenzangu wengine wakapunguzwa, mi nikapelekwa kwenye bili, ndo hapo uliponikuta. 2014 nikafika 60, hiyo ni ya lazima huna cha kubembeleza, nikapewa keki na ukuta wa saa ule uliokufa betri. Yaani saa ya ukutani, unaona simu inavyonibadilishia.

Sasa mwezi ukifika pensheni inaingia, na mara moja moja uhakiki, uthibitishe kwamba bado uko hai. Nikifikiria sana naona ndo ajira yangu ya sasa, nalipwa kwa kuwa hai, na sijachelewa kazini hata siku moja.

Usinielewe vibaya kwamba kuwa mama wa nyumbani ni aibu. Mama mkubwa wako pale Makorora kapika maandazi tangu enzi za Mwinyi na ukimwambia kustaafu anacheka, ananiambia nyie mna wakubwa wa kuwastaafisha, mimi atanistaafisha Mungu. Kwa hiyo najua hata hili neno mstaafu wenye bahati ya kuitwa hivyo ni wachache. Lakini kama neno ni langu nipewe. Mbona Nyerere aliacha kufundisha pale Pugu 1955, akawa rais miaka zaidi ya ishirini, na mpaka anafariki 1999 watu wanamwita Mwalimu, hakuna aliyesema huyu alishaacha ualimu mwandikeni yupo tu nyumbani Butiama?

Juzi mtoto wa jirani kaja mbio mama yake kaanguka, simu yao haina salio, namba za dereva bajaji na za yule daktari wa zahanati ninazo kichwani sikuangalia popote, nikapiga huku nikapiga kule, dakika kumi bajaji iko mlangoni. Mama yake hajambo, alikuwa na sukari. Yule mtoto akaniuliza bibi unazijuaje namba zote hizo, nikamwambia ndo kazi yangu. Likanitoka tu.

Basi. Desemba ni send-off ya mdogo wako na najua wewe ndo mwenyekiti wa kamati. Karatasi ya emsii nitaiandika mwenyewe, nimeshaanza, "opareta wa simu mstaafu", na mpe hela kidogo asome taratibu. Kama atauliza opareta ni nini mlete kwangu.

Halafu zile picha za harusi umesema unatuma tangu Jumapili. Mpe salamu mkwe wangu, mwambie ile kanga nimeiona, nzuri.

Mama yako.