Wenye karakana Tanga, waandikieni vijana barua

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenye karakana wa Tanga, hasa wa Ngamiani, nilikojifunzia ufundi wa majokofu na viyoyozi.

Vijana wanaotaka kwenda Uarabuni wakinijia hapa Makorora huuliza nauli na mshahara. Mimi huwauliza wana karatasi gani. Hucheka. Fundi, wanasema, hujulikana kwa mikono yake.

Muscat, mji mkuu wa Oman, mikono niliionyesha. Msimamizi, mzee wa Kihindi kutoka Kerala, alinipa bomba la shaba nichomelee, kisha nivute hewa na kujaza gesi. Akaitazama geji, akatikisa kichwa kwa ile namna yao, hujui amekubali au amekataa. Alikubali. Halafu akataka cheti na barua ya nilikofanyia kazi. Bosi wangu wa Ngamiani, Mungu amrehemu, hakupata kumwandikia fundi barua maishani mwake. Malipo jioni mkononi, ukiondoka umeondoka.

Basi kampuni ikaniombea kibali cha msaidizi. Juu ya paa, kompresa ikiwa wazi, nilikuwa fundi. Kwenye kitambulisho cha ukaazi na siku ya mshahara nilikuwa msaidizi, nami ndiye niliyekuwa nikimwonyesha kijana mwenye cheti gesi inakovujia.

Kiswahili nacho wengi hukitegemea kupita kiasi. Ni kweli, Muscat wapo Waomani wengi ambao wazee wao waliishi Unguja na Pemba. Watakukaribisha kahawa na halua, mtaongea mpaka usiku. Kazi ni jambo jingine. Fomu ni za Kiarabu na Kiingereza, na ziko kazi zilizotengwa kwa wenyeji tu.

Na wale wanaoambiwa waingie kwa viza ya utalii, watabadilisha hukohuko: viza hiyo haikuruhusu kufanya kazi hata siku moja. Kibali huombwa na mwajiri. Tangu Januari 2021 aliyemaliza mkataba anaweza kuhamia kwa mwajiri mwingine bila ridhaa ya yule wa kwanza, lakini kazi utakayoombewa itategemea tena hizo karatasi.

VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi wa mtu aliyejifunzia kazini, na chuo chao kipo hapahapa Tanga. Tatizo, fundi anayeishi kwa ujira wa kutwa haachi kazi kwenda kuulizia fomu. Nawaomba wawafuate mafundi karakanani, jioni, wakati wananawa mikono. Cheti kikipatikana kigongwe muhuri Wizara ya Mambo ya Nje na ubalozi wa Oman, Dar es Salaam, kabla ya safari. Ukisubiri mpaka uwe ng'ambo, utamsumbua shemeji wa watu huku nyumbani akuzungushie karatasi kwa miezi.

Na nyie wakubwa zangu wa karakana, barua haina gharama. Jina la kijana, kazi aliyofanya, mwaka alioanza na alioondoka, sahihi, na namba ya simu mtakayoipokea ikiita kutoka nje. Asiye na muhuri, mihuri inachongwa mjini.

Fundi Majokofu,
Makorora, Tanga